Bana kwenye mapambo, usibane kwenye picha

SEHEMU YA 1

Mwenzenu nimetoka zamu ya usiku, nimelala masaa manne tu na usingizi umegoma kurudi. Binti yuko kwa jirani anacheza, maji ya ugali bado sijabandika, kwa hiyo acha niandike lile nililowaahidi.

Tangu niweke zile picha za albamu ya binti yangu, swali ni moja tu: dada, umetumia shilingi ngapi? Wengine mmeshakisia laki. Mmoja kaniuliza kama nimeingiza posho yote ya usiku humo. Jamani, posho ipi hiyo! Nimekaa na daftari langu la matumizi nimejumlisha mpaka penseli. Jumla ni shilingi 21,300. Na katika hizo, 11,200 ni za kusafisha picha studio. Yaani vifaa na mapambo yote mnayoyaona, maua, vifungo, lesi, vitambaa, kona za dhahabu, vimekula 10,100.

Kuna gharama nyingine ambayo haimo kwenye hesabu hiyo. Ilikuwa kubwa kuliko zote na niliitafuta mwenyewe kwa mikono yangu. Hiyo nitaisimulia sehemu ya 3. Msiiruke, maana hizi za mwanzo ni za kuokoa hela, ila ile ndiyo iliyonifundisha hela inaokolewa kwa ajili gani.

Nilianzaje? Nilianza kama wengi, kwa kuangalia video. Wamama wa Marekani wanatengeneza vitabu vya kumbukumbu vya watoto wao, kila ukurasa una ua, una utepe, una kamfuko ka kuweka barua. Kwa wenzetu mambo haya ni ya zamani. Mwandishi wao Mark Twain alipata hataza ya kitabu cha kubandikia chenye kurasa zilizopakwa gundi tayari mwaka 1873, unalowanisha tu na kubandika. Watu wamechoka kuhangaika na gundi tangu enzi hizo, sembuse mimi.

Basi nikapanga. Siku ya mshahara nikaenda duka moja la zawadi mjini, nikakuta boksi la vifaa vya albamu, shilingi 78,000. Nikalishika, nikaligeuza, nikaliangalia vizuri. Ndani kuna kurasa 12 na stika. Stika zenyewe: theluji, sanamu ya theluji, maboga yaliyochongwa macho, majani ya rangi ya chungwa yanayodondoka. Binti yangu amezaliwa mwezi wa pili, Mbagala, jua linapasua kichwa. Theluji ya nini?

Nikalirudisha kabatini. Nikiwa kwenye daladala nikachukua simu nikaandika orodha ya vitu nilivyonavyo nyumbani. Nilipofika Rangi Tatu orodha ilikuwa ndefu kuliko lile boksi. Usiku ule elfu sabini na nane zangu nikazitumbukiza kwenye kibubu, nikasema nitakuwa nachomoa kidogo kidogo kwa risiti.

Kesho nawapa orodha yenyewe. Leo acha nikapike.

SEHEMU YA 2

Shikamooni wakubwa, wadogo hamjambo. Chukua kalamu.

Kitabu. Usinunue albamu tupu. Nunua kauntabuku kubwa lenye jalada gumu, mimi nilipata la kwaya 3 kwa 4,500. Kosa la watu ni kubandika hivyo hivyo. Picha ina unene, kitambaa kina unene, ukifika ukurasa wa kumi kitabu kimevimba kama mguu wa mgonjwa wa figo na mgongo unaanza kupasuka. Dawa yake: katika kila karatasi tatu, kata mbili, bakiza moja. Usikate mpaka kwenye mshono, acha kisiki cha sentimita mbili, la sivyo na zile za upande wa pili zitachomoka. Visiki hivyo ndivyo vinavyoupa mgongo nafasi ya kubeba unene.

Manila. Karatasi ya kauntabuku ni laini, inahitaji kutiwa nguvu. Nilinunua manila tatu kwa 700 kila moja. Kwa ukubwa wa zangu, kila moja ilitoa vipande 8 vya A4. Vipande 24, kurasa 24. Ukiwa na mchapaji unayefahamiana naye, muombe vile vipande vinavyobaki akishakata kadi. Kwake ni takataka, kwako ni mwezi mzima wa kazi.

Gundi. Ile ya kalamu ya wanafunzi inakauka na kubanduka. Ile ya maji ya steshenari ni chupa ndogo bei kubwa. Nenda duka la vifaa vya ujenzi, omba gundi nyeupe ya mafundi seremala. Nilipata kikopo kidogo kwa 1,500 na bado ipo. Mwanzo nilijaribu gundi ya unga wa ngano, kijiko kimoja cha unga kwa vitano vya maji, unakoroga motoni mpaka uzito wa uji mzito. Inashika vizuri sana. Tatizo mende nao waliiona ni uji. Walikula pembe mbili za ukurasa wa kwanza kabla sijajua kinachoendelea. Nikaachana nayo.

Kona. Sasa sikilizeni hapa, maana gundi hiyo ya seremala isiguse picha hata kidogo. Picha unaishika kwa kona za karatasi. Kata kipande cha sentimita 2 kwa 4. Kunja ncha zote mbili za juu zishuke zikutane chini katikati, unapata pembetatu. Ichomeke kwenye pembe ya picha, mikunjo ikae nyuma, halafu paka gundi nyuma ya ile kona tu, bandika. Picha nne pembe, kona nne. Siku ukitaka kuitoa picha unaichomoa salama. Kona zangu za dhahabu mlizozisifia zimetoka kwenye kadi za harusi.

Ndiyo, kadi za harusi. Na za michango. Fungua droo yako uone. Kila nesi ninayemjua ana rundo. Zina maua ya kuchomoza, zina utepe, zina dhahabu, karatasi yake ni nzito na nzuri. Na wewe ulishailipia ile kadi elfu hamsini ya mchango, tena ukaongezewa na meseji za kukumbushwa. Itumie! Ila kata majina ya watu uyaweke pembeni, ndoa ya mtu si pambo.

Vitambaa. Fundi cherehani wa mtaani kwangu ana gunia la vipande vya vitenge chini ya meza. Nilimpelekea soda, akaniambia mama chagua mwenyewe. Siri ya kitambaa kisinyonyoke nyuzi: chora umbo unalotaka, pitisha gundi iliyopunguzwa maji juu ya ule mstari, acha ikauke kabisa, ndipo ukate. Au muombe fundi mkasi wake wa zigizaga, ila akiwepo na akiwa na furaha, maana mkasi wa fundi haukati karatasi. Ukikatia karatasi mtagombana.

Khanga. Khanga iliyochakaa katikati bado ina pindo zima. Pindo ni fremu tayari, huhitaji kuchora. Na lile jina la khanga, yaani maandishi, linatosha kuwa kichwa cha ukurasa.

Vifungo na lesi. Usinunue vifungo kwa kuhesabu. Nenda Karume kwenye mafungu ya mia tano mia tano, tafuta blauzi iliyoshindwa kuuzika kwa sababu ya doa, lakini ina vifungo vizuri. Yangu ilikuwa na vifungo 11 na lesi kwenye mikono yote miwili. Mia tano. Fua, anika, kata.

Mihuri ya maua. Bamia! Bamia la kawaida la mchuzi, chagua gumu lililokomaa, kata upande mmoja, kausha ute kwa kitambaa, chovya kwenye rangi, gandamiza. Unapata ua la pande tano zuri ajabu. Fungu la bamia 200, rangi za maji za watoto 1,000. Mengine nilipika.

Penseli 300. Haya, jumlisheni: 4,500, 2,100, 1,500, 500, 200, 1,000 na 300. Elfu kumi na mia moja.

Nimalizie na mambo mawili. La kwanza, wenzangu wa wodini. Najua mnavyovitamani vile vifuniko vya plastiki vya vichupa vya dawa, vya bluu, vya zambarau, vya kijani. Hata mimi navitamani. Tuviache. Kitu cha wodini kina njia yake ya kutoka wodini, na njia hiyo si mkoba wako. Na picha za wagonjwa wetu ndiyo kabisa, hata kama mama mwenyewe kacheka.

La pili, kununua vifaa ni ugonjwa wake peke yake, tofauti kabisa na kutengeneza albamu. Namfahamu dada mmoja ana droo tatu za utepe na hajabandika picha hata moja. Mimi nilijiwekea sheria: sinunui kitu mpaka ukurasa wake uwe umeshapangwa mezani na naona kabisa kinapungua nini. Mara nyingi hakipungui kitu.

Naingia zamu. Tukutane sehemu ya 3.

SEHEMU YA 3

Hii nimeiandika na kuifuta mara nyingi. Leo naituma.

Binti yangu si mtoto wangu wa kwanza. Mwaka 2019 nilikuwa na mimba. Ikafika wiki 29. Asubuhi moja nikiwa kazini nikahisi kuna ukimya. Nyie mliobeba mnajua nasema nini. Nikamwambia mwenzangu nisikilize. Akasikiliza, akahamisha, akasikiliza tena, na mimi nikawa namwangalia usoni. Kazi hii inakufundisha kusoma uso wa mwenzako. Sikuhitaji kuambiwa.

Nilijifungulia mikononi mwa wenzangu. Alikuwa wa kiume. Nesi mmoja mkubwa, mama wa makamo, aliniuliza kwa upole, "Unataka kumwona?" Nikasema ndiyo. Nilimwona. Alikuwa na nywele nyingi. Hakuna aliyewaza kupiga picha, hata mimi mwenyewe. Akazikwa siku hiyo hiyo, wanaume walienda, mimi nilikuwa kitandani.

Baada ya hapo mnajua inavyokuwa. Mshukuru Mungu, umri unao. Utapata mwingine. Usiweke moyoni. Nguo alizonunuliwa shangazi mtu akazichukua kimya kimya akazigawa, kwa nia njema. Mume wangu akaacha kabisa kulizungumzia. Si mtu mbaya, ndivyo alivyo, kitu kikimuuma anakwenda kurekebisha bomba.

Mimi nikabaki na vitu viwili. Khanga ya begi la kujifungulia, ambayo haikutumika. Na picha ya ultrasaundi ya wiki 24, ile karatasi ndogo inayong'aa, ubavu wa mtoto, pua, mkono umeinuka karibu na mdomo. Niliiweka ndani ya kadi ya kliniki, kadi ndani ya bahasha, bahasha chini ya vitenge kabatini. Miaka minne.

Nilipoanza albamu ya binti nikasema ukurasa wa kwanza utakuwa wa kaka yake. Nikaitoa. Jamani, ilikuwa imefifia. Pua bado ilionekana lakini mkono umekuwa kama moshi. Nikaingiwa na hofu, nikasema hii lazima nii­linde leo hii. Sikumuuliza mtu. Nikaenda steshenari ya karibu, nikamwambia kijana nifanyie laminesheni. Akaniambia, "Dada, kuna ya elfu moja na kuna ya elfu mbili, plastiki nzito." Nikasema ya elfu moja inatosha. Nilikuwa najisifu moyoni, elfu moja tu nimeokoa kumbukumbu.

Akaiweka kwenye mashine. Upande mmoja ikaingia picha. Upande wa pili ikatoka karatasi nyeusi.

Nyeusi kabisa. Kama umeme umekatika.

Kijana akaishika akaigeuza, akasema labda mashine ina uchafu. Halafu akaniangalia na akanyamaza. Alinirudishia elfu moja yangu. Nikaiacha pale mezani.

Sasa sikilizeni kinachouma. Mimi nilijua. Karatasi ile haina wino. Ina dawa juu yake inayogeuka nyeusi ikipata joto, na mashine ya ultrasaundi inachora kwa kuipasha joto mahali panapotakiwa. Ni ndugu wa karatasi ya risiti, ni ndugu wa karatasi ya ECG. Na mimi ndiye ninayewaambia wanafunzi wa mazoezi kila mara: ECG hiyo usiiache dirishani, usiishike na mikono yenye kitakasa mikono, itolee kopi uweke kwenye faili maana ile yenyewe itafutika. Nawaambia hivyo kwa mdomo wangu! Na mashine ya laminesheni inagandisha plastiki kwa joto la zaidi ya nyuzi 100. Kwa hiyo karatasi nzima ilichorwa mara moja, kote.

Nilijua wodini. Nyumbani sikujua kitu. Nilikuwa mama tu mwenye haraka.

Hata ile elfu mbili isingesaidia. Joto ni lile lile. Nawaambia ili msije mkafikiri kosa lilikuwa ni plastiki ya bei rahisi. Kosa lilikuwa kutokulipia shilingi mia mbili ya kutoa kopi siku ile ile niliyopewa, mwaka 2019.

Itaendelea. Nipeni siku mbili.

SEHEMU YA 4

Nimesoma meseji zenu zote. Sitaweza kujibu kila mtu, lakini nimeona kwamba tuko wengi. Asanteni.

Wiki mbili sikugusa kauntabuku. Ile karatasi nyeusi niliirudisha kwenye bahasha, sikuweza kuitupa. Mume wangu aliniuliza mbona meza ya albamu imekauka, nikamwambia nimechoka na zamu.

Halafu siku moja, nagawa dawa za saa mbili usiku, nikakumbuka. Siku ile niliyopigwa ultrasaundi nilitoka nje ya chumba, nikaiweka ile picha mapajani, nikaipiga kwa simu na kumtumia mdogo wangu Morogoro. "Mama mdogo, salamu zako hizi." Simu yangu ya wakati ule iliibiwa kwenye daladala mwaka uliofuata, na ya mume wangu tumeshabadilisha mara mbili. Lakini mdogo wangu?

Nikampigia asubuhi hata kabla sijavua sare. Akasema, "Dada, ile simu ilianguka ikapasuka kioo, haiwaki. Sijaitupa, ipo kwenye sanduku." Nikamwambia nitumie leo. Akaipeleka stendi, ikaja kwa basi, kifurushi 5,000.

Nikaenda nayo Kariakoo kwa fundi simu. Akaifungua, akasema kioo na betri, 35,000, na akaniambia ukweli: "Mama, simu yenyewe haina thamani hiyo. Nunua nyingine." Nikamwambia sinunui simu. Nanunua picha moja iliyomo ndani.

Hapo ndipo nikarudi nyumbani kuvunja kibubu. Mnakumbuka zile elfu sabini na nane za boksi la theluji? Nilikuwa nimeshachomoa 10,100 za vifaa. Zilizobaki ndizo zilizolipa basi na kioo. Elfu arobaini kwa picha moja, karibu mara mbili ya albamu nzima. Na sikuumia hata kidogo kuitoa. Ningekuwa nimenunua lile boksi, ningekuwa na maboga ya stika, na simu ya mdogo wangu ingebaki sandukuni mpaka mwisho wa mwezi, labda mpaka ikatupwa.

Fundi alipoiwasha nilikuwa nimekaa kwenye kigoda chake, mapajani mkoba. Akanipa nitafute mwenyewe. Nikarudi nyuma, 2021, 2020, harusi za watu, vyakula, watoto wa jirani, mpaka 2019.

Ipo.

Haiko vizuri, niwe mkweli. Nilipiga kwa haraka, upande mmoja umekatika, kuna mng'ao wa taa ya korido juu, na kidole gumba changu kimeingia kwenye pembe. Sketi ya sare inaonekana chini. Lakini pua ipo. Na mkono upo karibu na mdomo, mweusi na mweupe, kama siku ile.

Fundi akauliza, "Ndiyo yenyewe?" Nikashindwa kujibu. Akageuka akaanza kutafuta bisibisi ambayo ilikuwa mkononi mwake.

Nilijitumia hapo hapo, nikamrudishia mdogo wangu, nikaituma na kwenye barua pepe yangu. Halafu nikaenda studio, si kwenye steshenari, studio wanaosafisha picha kwa mashine yake, nikalipa 800 kama zile nyingine 13. Kijana wa studio akaniuliza, "Nikate hiki kidole?" Nikamwambia kiache. Ni changu, na siku ile tulikuwa wote.

SEHEMU YA 5, YA MWISHO

Nimalizie kama tunavyokabidhiana zamu, kwa mpangilio.

Pa kubana: kitabu, manila, utepe, maua, vifungo, vitambaa, stika, mihuri, kona. Hivi vyote unavyo tayari au jirani yako anavyo. Mkiwa watatu changeni, mmoja anunue manila, mwingine gundi, mwingine rangi. Hakuna mtoto atakayekuja kukuuliza ukubwani kwa nini ua la ukurasa wake lilikuwa bamia.

Pasipo pa kubana, andika kwa herufi kubwa:

Moja, kusafisha picha. Safisha studio nzuri. Zile za printa ya kawaida ya wino nyingi zinachuja zikipata unyevu, na Dar hii unyevu tunao wa kugawa.

Mbili, picha za ultrasaundi, na risiti au karatasi yoyote ya aina hiyo. Piga picha kwa simu siku hiyo hiyo, mahali penye mwanga, pasipo na mng'ao. Toa kopi. Kopi ndiyo iingie kwenye albamu. Ile yenyewe iweke kwenye bahasha ya karatasi, gizani, penye ubaridi. Usiipige laminesheni, usiipige pasi, usiipake gundi.

Tatu, albamu za zamani za kunata, zile ambazo unafunua plastiki, unaweka picha, unafunika. Ile gundi inageuka njano na kushikana na picha moja kwa moja. Kama za wazazi wako zimo humo, zitoe. Zikigoma usivute. Pitisha uzi wa kusafishia meno nyuma ya picha taratibu kama unakata mkate.

Nne, nyuma ya picha andika kwa penseli, kwa mkono mwepesi. Kalamu ya wino inaweza kuvujia mbele au kuipakaza picha iliyolaliana nayo. Andika nani, wapi, lini. Msiseme mtakumbuka. Hamtakumbuka.

Tano, kadi ya kliniki ya mtoto usiikate, usiibandike. Hiyo si kumbukumbu bado, hiyo ni kazi inayoendelea. Kopi inatosha.

Na kwa wauguzi wenzangu peke yenu. Uingereza na kwingineko kuna hospitali zinazowapa wazazi waliofiwa na mtoto kisanduku kidogo cha kumbukumbu, kina nyayo zake kwenye karatasi, pengine na picha. Sisi wodi zetu zimejaa na mikono ni michache, najua, niko humo humo. Lakini kuuliza hakuna bajeti. "Ungependa kumwona? Ungependa nikupigie picha kwa simu yako, hata kama hutaiangalia leo?" Akikataa, mwache. Akikubali, umempa kitu ambacho hataweza kukinunua tena popote. Mimi siku hizi nauliza.

Sasa ukurasa wenyewe. Wengi mmeomba niuoneshe, mtanisamehe, huo hauendi mtandaoni. Nitawaeleza tu. Nimekata pindo la ile khanga ya begi, nikaliweka kama fremu. Katikati ile picha, kona nne za karatasi nyeupe. Sikuweka bamia, sikuweka kifungo wala dhahabu. Nyuma ya ukurasa kuna kamfuko, na ndani yake ile karatasi nyeusi kwenye plastiki yake. Nayo ni yake.

Niliacha meza wazi usiku nikaenda kazini. Niliporudi asubuhi mume wangu alikuwa anakunywa chai pembeni ya kauntabuku. Hakusema kitu na mimi sikuuliza. Akainuka, akaosha kikombe, akasema anaangalia ile koki ya nje inayovuja. Nilipokwenda kufunga kitabu nikaona penseli imehama. Chini ya picha, kwa mwandiko wake ule mdogo wa kubana, ameandika tarehe. Ile tarehe ambayo miaka minne nilidhani ni mimi peke yangu ninayeikumbuka.

Penseli ile ni shilingi 300, imo kwenye hesabu.

Haya wapendwa, nina zamu ya asubuhi kesho. Kabla hujalala leo, fungua kabati, toa ile bahasha unayoijua wewe mwenyewe, ipige picha kwa simu na umtumie mtu mmoja unayemwamini. Ni bure. Maua tutatengeneza wikendi.